Mila iliyoushika mlima

Mtu wa mjini akiambiwa kwamba watu wa mahali fulani wameshika sana mila zao, fikra zake hukimbilia ngoma, mavazi na pombe ya kienyeji. Nami nilipokwenda Mbinga, mkoani Ruvuma, wenzangu kazini waliniagiza niwarekodie ngoma ya mganda. Ngoma niliirekodi. Lakini mila iliyonishangaza kuliko zote huko haina ngoma wala nyimbo. Imechimbwa ardhini kwa jembe la mkono, na leo nataka kuieleza, kwa sababu inahusu chakula, maji na samaki wa watu wengi ambao hawajawahi hata kuisikia.

Mbinga ni mji mdogo wa milimani, yapata kilomita 100 magharibi ya Songea. Ni nchi ya Wamatengo, na ni mojawapo ya sehemu zinazotoa kahawa nyingi ya arabika hapa Tanzania. Ukitoka mjini kwenda upande wa Litembo, milima inakuwa mikali kiasi kwamba mgeni hujiuliza mkulima anasimama vipi bila kuporomoka. Hata hivyo milima hiyo imelimwa. Ukiitazama kwa mbali utadhani ni sega la nyuki: vitundu vimepangana safu kwa safu kutoka juu hadi bondeni. Vitundu hivyo ni mashimo, na wenyewe huyaita ngolo.

Kazi ya ngolo huanza karibu na mwezi Machi, mvua zikielekea mwisho. Wanaume hufyeka nyasi na kuziacha zikauke. Kisha nyasi hizo hulazwa chini kwa mistari inayokatana, hata mteremko mzima ukawa na miraba, kila mmoja wa hatua mbili hivi kila upande. Baada ya hapo wanawake huingia na majembe. Huchimba udongo wa katikati ya mraba na kuufukia juu ya nyasi pande zote nne. Katikati hubaki shimo, na kulizunguka kuna tuta lenye nyasi ndani yake. Juu ya tuta hupandwa maharage, ambayo huvunwa karibu na Julai. Mvua za mwisho wa mwaka zikirudi, mahindi hupandwa juu ya matuta yale yale. Magugu yakipaliliwa hutupwa shimoni. Baada ya miaka miwili hivi, kazi huanza upya.

Sasa tazama akili iliyomo humo. Mvua kubwa ikinyesha mlimani, maji hutaka kukimbia, na yakikimbia huondoka na udongo. Kwenye ngolo hayapati njia. Kila shimo hukamata maji yake na tope lake, na maji huzama polepole. Nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mbolea. Matuta yamefungana kama nyuzi za wavu, kwa hiyo hata shimo moja likifurika, kuna jingine chini yake la kupokea. Hakuna saruji, hakuna trekta, na mbegu ziko juu ya udongo ulio bora.

Nilimkuta mama mmoja mwenye wajukuu akiwa shambani. Baada ya kumwamkia nikamwuliza kwa nini asilime matuta ya kawaida, yasiyochosha sana. Akanijibu, "Mwanangu, matuta ya kawaida utayamaliza upesi. Lakini mvua ikinyesha, shamba lako utakwenda kulitafuta mtoni."

Ufundi huu ulitokana na shida. Katika karne ya 19 Wangoni walifika nchi ya Songea kutoka kusini mwa Afrika, wakawa na nguvu, na jirani zao wakavamiwa. Wamatengo walijibana milimani, wengine wakijificha mapangoni. Watu wakawa wengi mahali padogo tena penye miteremko. Hawakuweza kuhama shamba likichoka, maana nje ya milima kulikuwa na hatari. Ikabidi udongo ule ule uwalishe mwaka hadi mwaka. Mambo ya namna hii yametokea kwingineko pia. Wamazighi wa Afrika ya Kaskazini, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Waberiberi, nao walihifadhi lugha na desturi zao katika milima kama ile ya Atlas, na miteremko yao wameikata ngazi kwa ngazi wapate kulima.

Ngolo isingedumu bila utaratibu wa watu. Wamatengo waliigawa nchi yao kwa ntambo, yaani kipande cha mlima kilicho kati ya kijito na kijito, ambacho ukoo mmoja ulikaa na kulima. Na ukoo ulikuwa na sengu, mahali pa kula pamoja, ambapo wazee walisuluhisha ugomvi, waligawa kazi na kuwafunza vijana. Kwa utaratibu huo, aliyeharibu shamba la juu alimharibia ndugu yake wa chini, na jioni walikutana kwenye chakula kimoja. Hapo ilikuwa vigumu mtu kuzembea.

Watawala wa Kiingereza waliiona kazi hii. Mwaka 1938 A. H. Pike aliiandikia makala katika jarida la Tanganyika Notes and Records, akieleza jinsi Wamatengo wanavyohifadhi udongo. Lakini linganisha na yaliyotokea Uluguru. Huko serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi, na mwaka 1955 ghasia zikazuka. Milima yote miwili ilihitaji kulindwa. Tofauti ni kwamba mmoja ulilindwa na wenyewe kwa njia waliyoibuni, na mwingine uliletewa amri.

Sasa nishuke nawe hadi ziwani, maana habari ya mlima haiishii mlimani. Kutoka Mbinga barabara inateremka magharibi hadi Mbamba Bay, makao ya wilaya ya Nyasa, iliyokatwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Ni mteremko mkubwa: milima ya Umatengo ina sehemu zinazozidi mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko kwenye mita 475 hivi. Joto hupanda, migomba na kahawa huachwa nyuma, mitumbwi na vichanja vya usipa huonekana. Wavuvi wa ufukweni watakusifia mbasa, samaki mkubwa wa fedha. Mbasa huishi ziwani, lakini wakati wa kutaga hupanda mitoni kutafuta changarawe safi. Changarawe ikifunikwa na tope, mayai hayaponi. Kwa hiyo jembe la mama wa mlimani linagusa wavu wa mvuvi wa Nyasa, ingawa wawili hao hawajuani.

Na hapo ndipo penye wasiwasi. Watu wameongezeka na ntambo zimejaa. Tangu miaka ya 1960 familia nyingi zimehamia nchi ya chini upande wa mashariki, ambako hukata na kuchoma miombo na kulima matuta ya kawaida. Soko huria lilipokuja katika miaka ya 1990, ruzuku ya pembejeo ikaondoka na wakulima wengi wa kahawa wakayumba. Kijana anayeona kahawa haimlipi hukata shauri kwenda mjini. Sengu nyingi zimekufa. Kazi ya ngolo, ambayo tangu zamani iliwaelemea wanawake, sasa inawaelemea zaidi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pamoja na wenzao wa Japani, wamefanya kazi Umatengoni kwa miaka mingi, na ubora wa ngolo umethibitishwa. Jambo hilo halina ubishi tena. Swali ni nani atakayeshika jembe.

Maoni yangu ni haya. Mila hailindwi kwa kusifiwa katika sherehe. Ngolo ilidumu kwa sababu iliwalisha waliochimba, na itadumu ikiendelea kuwalisha. Bei nzuri ya kahawa na maharage, wanaume kukubali kuchimba bega kwa bega na wake zao, na bwana shamba anayejifunza kwa mkulima kabla ya kumfundisha: hayo ndiyo yatakayouweka udongo mlimani. Ukipuuzwa, utateremka mwenyewe hadi ziwani, na kuupandisha tena hakuna awezaye.