Tasnifu za Miamba Zisomwe na Nani?

Mwanafunzi wa jiolojia afikapo mwaka wa mwisho wa shahada hutakiwa kufanya utafiti wake mwenyewe. Huenda nyanjani na nyundo na dira, akakusanya mawe, kisha akarudi chuoni kuandika tasnifu kwa Kiingereza. Watahini huisoma, nayo hutiwa kabatini. Mimi ni mwanaisimu, si mtaalamu wa miamba, ila jambo hili lanihusu.

Mnamo Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa ulitokea karibu na Mai Mahiu, ukaikata barabara ya kwenda Narok. Tukaambiwa Afrika inapasuka vipande viwili! Kweli Bonde la Ufa hupanuka, lakini kwa milimita chache tu kwa mwaka. Wanajiolojia kadhaa walieleza kwamba maji ndiyo yaliyouchimbua udongo wa majivu ya volkano. Mkulima ambaye shamba lake lilikatwa angeyapata wapi maelezo hayo kwa lugha aijuayo?

Istilahi si kisingizio. Maneno ufa, mashapo, majivu na tetemeko tunayo, na volkano limekwisha kuzoeleka. Napendekeza kila tasnifu ya aina hiyo iambatane na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, nao utahiniwe na kupewa alama. Bila alama wanafunzi hawatauandika, nawajua.