Nani Anamla Nani: Somo la Mtoto wa Shinyanga na Geita

Mtoto wa miaka mitano anayefuatana na wachungaji mkoani Shinyanga anajua mengi kabla hajaingia darasani. Anajua kwamba ng'ombe hula majani, kupe hunyonya damu ya ng'ombe, na yangeyange huandamana na kundi ili adake wadudu wanaoruka nyasini. Huo ndio mfumo wa ikolojia, ingawa jina lake hajalisikia wala halimhitajii haraka. Anachokosa ni kipande kimoja tu: kuelezwa kwamba yeye mwenyewe yumo ndani ya mnyororo huo.

Shinyanga yenyewe ni kitabu cha somo hilo. Wakati wa ukoloni, vichaka na misitu vilifyekwa kwa wingi ili kuwaangamiza mbung'o, ambao hueneza malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo. Sababu ilikuwa ya kiafya, tena ya msingi, kwani mbung'o hutegemea kivuli cha vichaka. Lakini kivuli hicho kilikuwa pia makao ya nyuki, hifadhi ya unyevu wa udongo na chimbuko la dawa za miti. Mashamba ya pamba na wingi wa mifugo vilipoongezeka juu ya ufyekaji huo, sehemu kubwa ya ardhi ilibaki tupu. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ambao ulihuisha ngitili, yaani desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa masika ili nyasi zitumike kiangazi. Mwalimu akiwapeleka watoto kwenye mpaka wa ngitili na kuwaagiza wahesabu wadudu, ndege na mashimo ya panya upande huu na upande ule, hatahitaji maelezo mengi.

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita, somo ni gumu zaidi, kwa sababu kiungo kinachotia hofu hakionekani. Wachimbaji wadogo huchanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu, kisha huchoma donge linalopatikana. Mvuke hupaa, na sehemu yake hurudi ardhini na majini. Katika tope la chini ya maji, bakteria huigeuza zebaki kuwa zebaki ya methili, ambayo mwili wa kiumbe huitoa polepole mno.

Mchezo wa vizibo vya soda unatosha kueleza yanayofuata. Watoto kumi na wawili huwa dagaa, kila mmoja akishika kizibo kimoja. Watatu huwa sangara wadogo. Kila mmoja "hula" dagaa wanne na kuchukua vizibo vyao. Mwishowe sangara mkubwa huwala wale watatu. Mtoto anayeshika vizibo vyote kumi na viwili huelewa papo hapo kwa nini samaki mkubwa alaye samaki wenzake hubeba sumu nyingi kuliko dagaa.

Huko Minamata, Japani, ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, paka waliokula samaki walianza kuyumbayumba na kufa kabla ugonjwa haujatambuliwa rasmi kwa binadamu mwaka 1956. Baadhi ya kina mama walioonekana wazima walizaa watoto wenye ubongo ulioathirika, kwa kuwa zebaki ya methili hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni.

Hata hivyo, somo hili lisiwafanye watu waogope samaki. Vipimo vya samaki wa Ziwa Viktoria kwa sehemu kubwa vimeonesha viwango vilivyo chini ya kikomo cha kimataifa, na dagaa hubaki chakula bora kwa mjamzito na mtoto. Hatari iliyo karibu zaidi ni mvuke unaovutwa pale dhahabu inapochomwa jikoni au uani. Mvuke huo hauna harufu wala rangi, na mapafu hufyonza sehemu yake kubwa. Zebaki iliyomwagika isifagiliwe, maana ufagio huitawanya. Nguo za kazini zifuliwe mbali na za watoto. Na tone linalong'aa lisiwe kitu cha kuchezea.

Mtoto hafundishwi haya ili awe askari wa wazazi wake. Mchimbaji huchomea nyumbani mara nyingi kwa kuogopa kuibiwa, na hofu hiyo ni ya kweli. Kwa hiyo mhudumu wa afya anayempokea mtoto mwenye kutetemeka, kukosa usingizi au kuchelewa kuongea aulize kwa upole, pamoja na maswali yake ya kawaida: nyumbani dhahabu huchomwa na nani, na huchomewa wapi? Mara nyingine atakayejibu kwanza ni mtoto.