“Iko na produits?” Kemikali za mafuta ya jua na watoto wetu wa shule

Katika duka moja la vipodozi hapa Hewa Bora, mama mmoja alikuja na binti yake mwenye ualbino, bado amevaa sare ya shule. Alishika tyubu ya mafuta ya kukinga jua akauliza: “Hii mafuta iko na produits?” Muuzaji akajibu kwamba ndiyo, iko na kemikali. Mama akairudisha, wakaondoka mikono mitupu. Swali lake lilikuwa la haki, lakini neno lenyewe lilimponza.

Mafuta yote ya jua yana kemikali. Lebo za Kifaransa hutenga “filtres minéraux”, yaani oksidi ya zinki na dioksidi ya titani, na “filtres chimiques”, kama vile oksibenzoni, oktokrileni na avobenzoni. Hata hivyo, zinki nayo ni kemikali, na kazi yake kubwa, kama ya wenzake, ni kufyonza mionzi ya urujuanimno. Tofauti iko kwingine: chembe za zinki na titani karibu zote hubaki juu ya ngozi, ilhali vile vichujio vingine hupenya kwa kiasi hadi kwenye damu.

Mwaka 2019 watafiti wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani waliwapaka watu wazima 24 mafuta ya aina nne, mara nne kwa siku, kwa siku nne. Vichujio vilivyopimwa vilionekana katika damu kwa kiwango kinachodai uchunguzi zaidi. Kupenya si sawa na kudhuru. Lakini ni sababu ya kupima. Mwaka huohuo mamlaka hiyo ilipendekeza kuvitambua zinki na titani tu kuwa salama na vyenye kufaa, ikaomba data zaidi kuhusu vingine 12. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulishusha oksibenzoni katika mafuta ya mwili kutoka asilimia 6 hadi 2.2, kwa wasiwasi juu ya homoni.

Kwa hiyo, mzazi mwenye nafasi ya kuchagua achague zinki au titani, aepuke oksibenzoni. Asiye na nafasi hiyo azingatie mtoto ni yupi. Mwenye melanini nyingi mara nyingi hutoshelezwa na kofia na kivuli. Mwenye ualbino hana kinga hiyo, na Lubumbashi iko takriban mita 1,200 juu ya bahari: jua huchoma hata katika baridi ya kiangazi. Kwake, hatari inayojulikana ni saratani ya ngozi, nayo huanza mapema. Ndiyo maana kule Moshi, Tanzania, hutengenezwa Kilisun, mafuta ya jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, yatumike pamoja na kofia pana na mikono mirefu.

Rafu ileile ya dukani huwa pia na krimu za kung'arisha ngozi, nyingine zikiwa na hidrokinoni au zebaki. Hizo hupunguza melanini, yaani hubomoa kinga yenyewe. Katika Kiswahili chetu, zote ni “mafuta”, na zote ziko na “produits”. Sisi wa lugha tunaweza kumpa yule mama swali bora: “Haya mafuta ni ya kazi gani, na yana kichujio gani?”