Je, Wajua? Mwani Hudhibitiwa kwa Mwani

Samaki akifia nyuma ya jiwe kwenye tangi la maji ya chumvi, mzoga wake hutoa amonia. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, na hapo mwani huwa umepata karamu: kioo kijani tupu, matumbawe yamefunikwa na nyuzi ndefu kama nywele.

Wengi hukimbilia dawa. Ni haraka isiyo na baraka, maana mwani uliouawa usipotolewa huoza na kurudisha majini virutubisho vilevile.

Mwanasayansi Walter Adey wa Taasisi ya Smithsonian, Marekani, aliamua kuupa mwani mahali pake. Alitandika wavu kwenye trei, akapitisha juu yake maji ya tangi kwa mawimbi huku taa kali zikiwaka. Mwani uliota pale, ukanyonya nitrati na fosfati, kisha ukakwanguliwa na kutolewa. Mwaka 1982 alipata hataza ya uvumbuzi huo, ambao baadaye ulitumika kusafisha bahari bandia ya kituo cha utafiti cha Biosphere 2, katikati ya jangwa la Arizona!

Nyumbani, kufufua tangi huanza na ndoo na mikono: kung'oa mwani, kubadilisha sehemu ya maji, kupunguza chakula na saa za taa. Mabaki ya mwani huachiwa konokono. Maji yakipungua kwa mvuke, huongezwa yasiyo na chumvi, kwani chumvi yote hubaki tangini. Tena yawe yamechujwa vizuri. Ya bomba huweza kuleta fosfati mpya.