MTIKISIKO WA MAGARI: UFAFANUZI KWA MADEREVA WAENDAO BONDE LA KILOMBERO

Ufafanuzi huu unatolewa kwa wenye magari na madereva wa Unguja na Pemba ambao kazi au biashara huwafikisha Tanzania Bara, hususan Ifakara na bonde la Kilombero, linalosifika kwa mpunga na miwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Ifakara ni mwendo wa zaidi ya kilomita 400, kwa njia ya Morogoro, Mikumi na Kidatu. Gari likianza kutikisika katika safari ya namna hiyo huwa linatoa taarifa, na taarifa ikipuuzwa yaweza kuzaa ajali.

Hali ya njia imebadilika. Daraja la Mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384, lilifunguliwa mwezi wa Mei, 2018, na kuondoa tabu ya kivuko. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, iliyokuwa ya vumbi na matope kwa miaka mingi, imewekwa lami. Hata hivyo, njia nyingi za kuingia vijijini ni za udongo, na masika huzigeuza kuwa tope zito. Hivyo gari huweza kutoka topeni na kuingia lami siku hiyo hiyo, na kasoro iliyofichwa na mwendo mdogo hudhihirika mwendo unapoongezeka.

Sababu zilizo za kawaida ni hizi zifuatazo:

(a) Matope ndani ya rimu. Udongo wa mfinyanzi hunata upande wa ndani wa rimu na kukauka, tairi likakosa uzani sawa. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, tairi la gari dogo huzunguka takriban mara 11 kila sekunde. Bonge la gramu 100 tu, likiwa sentimita 20 kutoka katikati, huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 10. Mwendo ukipungua nusu, nguvu hiyo hushuka hadi robo. Dawa yake ni maji na kijiti, kabla ya kuingia lami.

(b) Tairi lenyewe. Tairi lililovimba ubavuni, lililolika upande mmoja au lenye upepo pungufu hutikisa gari. Vivyo hivyo rimu iliyopinda shimoni, au tairi lililopoteza kipande cha risasi cha kusawazishia uzani. Tairi lililovimba lisiendelee na safari, kwani huweza kupasuka ghafla.

(c) Nati za tairi. Njia yenye vijituta mithili ya bati huzilegeza. Nati zikazwe kwa kuvukana, si kwa kuzunguka duara, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hivi kila tairi linapobadilishwa.

(d) Viungo vya usukani na beringi. Maji ya tope yakipenya hufukuza grisi, na viungo hulika. Usukani huchezacheza mikononi, na gari huvuta upande. Beringi iliyochakaa hunguruma.

(e) Breki. Mtikisiko unaotokea wakati wa kukanyaga breki tu huashiria diski au ngoma zilizolika pasipo usawa.

(f) Shafti ya kupeleka nguvu nyuma. Krosi zake zikichakaa, mtikisiko husikika chini ya sakafu, na gari hugonga linapoanza kuondoka.

(g) Injini. Gari likitetemeka hali limesimama, sababu haimo magurudumuni. Hukaguliwa plagi, njia ya mafuta, na mipira ya kushikilia injini.

Dereva aweza kubaini chanzo kwa kujiuliza maswali matatu: Je, mtikisiko huja kwa mwendo maalumu tu? Je, huja wakati wa breki? Je, hubaki gari likisimama? Ukitoweka mara tu lami inapoanza, yaelekea ulitoka barabarani. Lakini ukizidi juu ya lami, gari lina kasoro. Ukisikika usukanini, uchunguzi uanzie magurudumu ya mbele. Ukisikika kitini, uanzie nyuma.

Mtikisiko ukizidi ghafla, dereva apunguze mwendo taratibu, asikanyage breki kwa nguvu, atoke barabarani pahali salama, kisha aanze kukagua nati. Kuongeza mwendo ili kuupita mtikisiko ni hatari kubwa, hasa gari likiwa na abiria au magunia ya mchele. Tairi likichomoka, dereva hana tena uwezo wa kuliongoza gari.

Wenye magari wanakumbushwa kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, itumikayo Tanzania Bara, inakataza kuendesha gari bovu. Inasisitizwa kwamba ukaguzi ufanywe kabla ya kuondoka Ifakara, ambako mafundi hupatikana, wala usingojewe katikati ya safari.