Baiskeli Mjini (2): Msafara Bila Mtandao

Wiki iliyopita tulitazama misafara ya baiskeli ya pamoja na namna inavyowatoa watu majumbani. Leo nadai kwamba msafara, hata ukivuta maelfu, haubadilishi usafiri wa mji mpaka ufuatwe na njia zilizoungana. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ulianza kuyafungia magari baadhi ya barabara zake mwaka 1974. Siku hizi, kila Jumapili na sikukuu, tangu saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana, zaidi ya kilomita 120 huachiwa wapanda baiskeli, wakimbiaji na watoto waliovaa viatu vya magurudumu. Umati ule ni ushahidi kwamba hamu ipo. Lakini inapotimu saa 8 magari hurudi, na mzazi aliyempakia mwanawe asubuhi hathubutu kumpeleka shule kwa baiskeli Jumatatu.

Kinachomrudisha nyuma ni hofu, na dawa yake ilionekana Sevilla, Hispania. Kuanzia mwaka 2006 mji huo ulijenga kwa mkupuo mtandao wa takriban kilomita 80, badala ya vipande vya hapa na pale. Njia zake za rangi ya kijani zimetenganishwa na magari, na zikifika kwenye makutano zinaendelea upande wa pili. Katika miaka michache safari za baiskeli zilipanda kutoka kama 6,000 kwa siku hadi karibu 70,000. Mpanda baiskeli huipima safari kwa pale penye hatari zaidi: mzunguko mmoja wenye malori unatosha kuzibatilisha kilomita tisa zilizo salama.

Wapo watakaosema jua letu ni kali. Sevilla wakati wa kiangazi hupita nyuzijoto 40. Wengine watasema baiskeli ni ya maskini. Basi hiyo ni sababu ya kuijengea, kwani muuza samaki na muuza mkaa wamo barabarani tayari, wakibanwa kati ya daladala na mtaro. Pingamizi zito ni kwamba njia zitavamiwa na bodaboda, meza za biashara na magari yaliyoegeshwa. Ni kweli, na usimamizi hauepukiki. Hata hivyo, njia inayoishia ukutani haina watumiaji, na isiyo na watumiaji haina wa kuitetea. Ikiunganishwa, wanaopita kila saa huwa wa kwanza kulalamika inapozibwa.

Kwa hiyo waandaaji wa misafara wana kazi zaidi ya kupiga picha na kugawa fulana. Kila msafara uorodheshe mahali njia inapokatika: daraja lisilo na upenyo, makutano yasiyo na taa, ukingo uliobomoka. Orodha hiyo iwafikie madiwani kabla ya bajeti kupitishwa. Wiki ijayo tutachambua gharama, na nani azibebe.