Risasi kifuani: picha ipi inafaa kulipiwa?

Mtu aliyepigwa risasi au kuchomwa kisu kifuani akiteremshwa kutoka Kilembwe kwenda Baraka, mashariki mwa Kongo, jamaa huanza kuulizia skana (CT). Msianzie huko. Majeruhi wengi wa kifua hupona kwa mrija wa kutoa hewa na damu, bila upasuaji mkubwa. Fedha ya kwanza iwe ya kumfikisha penye mrija huo. Akianza kukosa pumzi na kulegea, daktari asingoje picha yoyote.

Kati ya picha, ekografi ni nafuu. Mashine ndogo huletwa kitandani, nyingine hutumia betri, haihitaji filamu, na jibu huja kwa dakika chache. Huonyesha damu iliyozunguka moyo na hewa iliyovuja nje ya pafu. Lakini hutegemea sana ujuzi wa anayeishika, na haitawaambia risasi imelala wapi.

Kwa hilo kuna eksirei, na humo ndimo malipo hujificha: filamu, mafuta ya jenereta, kisha filamu nyingine. Ulizeni jumla yote kabla ya kutoa hata faranga moja. Mgonjwa akiweza kuketi, ombeni apigwe akiwa ameketi. Akilala chali, damu hujitandaza nyuma ya pafu, na hata karibu lita nzima inaweza kupita bila kutambuliwa.

Picha ya pili baada ya mrija kuwekwa, lipeni. Aliyechomwa kisu na picha yake ya kwanza ikawa safi, naye apigwe tena baada ya saa chache, maana hewa huweza kuvuja polepole. Msilipie ovyo upasuaji wa kutoa risasi kwa kuwa tu imeonekana. Iliyotulia ndani ya nyama mara nyingi huachwa. Daktari awape sababu.

Skana huona mengi zaidi, ila ni safari ndefu hadi mji mkubwa, na juu yake kipimo cha figo, dawa ya mshipani, malazi na chakula cha anayemlinda mgonjwa. Inafaa risasi ikiwa imepita karibu na moyo au umio, na mgonjwa ametulia. Asiyetulia asipakiwe garini kwa ajili ya picha.

Kabla ya kuuza ng'ombe au shamba, ulizeni kwanza huduma za bure. Madaktari Wasio na Mipaka hutibu bila malipo, na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imekuwa ikisaidia matibabu ya majeruhi wa vita Bukavu.